Mahudhurio ya Boya la Saba

"Tangazo kwa wakaazi wote wa Ras Chwale, wa nchi kavu na wa majini, wenye miguu na wenye mapezi. Mimi, Shaame Khatibu Shaame, Msomaji wa Bahari kwa zamu ya wiki hii, nikiwa na akili timamu na cheti chenye muhuri, nimeisikiliza bahari, nimeielewa bahari, na sasa nasema kwa niaba yake."

Hapo nikageuza karatasi, nikakuta ni hesabu za kidato cha tatu B. Karatasi ya bahari nilikuwa nimeifungia andazi. Spika zote za Ras Chwale, kuanzia msikitini mpaka kwenye ghala la mwani, zikawarushia watu sauti ya mtu anayepangusa mafuta kwa mkono wa shati.

"Pwani iko wazi," nikasema mwishowe. "Nadhani."

Neno lile la mwisho lilinipatia siku mbili za kung'oa magugu nyuma ya jiko la shule. Maalim Nyange, mlezi wa Chumba cha Bahari, alinieleza bila kupandisha sauti kwamba Msomaji ana ruhusa ya kusema pwani iko wazi au imefungwa, na kwamba "nadhani" ni neno la mashine. Maalim Nyange hakupandisha sauti kwa jambo lolote. Alikuwa amechoka tangu kabla sijazaliwa, na alitembea kama mtu aliyebeba godoro kichwani hata akiwa mikono mitupu.

Mashine aliyoisema ni Karani. Karani ni sanduku jeupe, kubwa kama kabati la vyombo, linalonguruma katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya majembe. Kazi yake ni kukusanya habari za maboya kumi na mawili yaliyotiwa nanga kuizunguka Ras Chwale: joto la maji, chumvi, kasi ya mkondo, rangi ya maji, na mambo mengine ambayo hata mtihani wa taifa umeona aibu kuyauliza. Zamani Karani alikuwa akitangaza mwenyewe, kwa sauti ya mwanamke mpole asiye na kwao. Akafunga pwani siku arubaini na moja mfululizo, kwa sababu kila siku aliona uwezekano wa jambo fulani, asilimia nne, asilimia sita. Wanawake wa mwani wakasubiri mpaka siku ya arubaini na moja, kisha wakazikata nyaya za spika kwa visu vile vile vya kukatia kamba.

Ndipo ikapitishwa sheria tunayoishi nayo: namba ni za mashine, maneno ni ya mtu. Lazima awepo binadamu wa mahali pale, azitazame namba, aziseme kwa lugha inayomfaa mwenye shughuli, na ajibu akiulizwa. Mtu wa kuamka alfajiri kila siku ya Mungu kwa kazi kama hiyo hakupatikana popote, isipokuwa katika shule ya bweni, ambako watu huamshwa kwa kengele hata wakiwa hawana kazi.

Nakiri kwamba kazi yenyewe si mbaya. Karani akisema joto nyuzi ishirini na nane nukta tisa, linapanda, mkondo nukta mbili, mimi husema: "Bi Mize, kotonii ya kamba za ndani ivunwe kabla ya Jumatano, maji yatalala na yatachemka." Bi Mize huvuna Jumanne, na Alhamisi maji huchemka. Kotonii ni mwani mnene wenye bei, unaofungwa kwenye kamba majini, na hauvumilii joto. Ukizidiwa, ncha zake huwa nyeupe, shina hulegea, na asubuhi moja unakuta kamba tupu imebaki na vifundo vyake. Kwa hiyo sentensi moja iliyosemwa vizuri ni ada ya mtoto, ni bati, ni dawa ya presha. Nilikuwa nalijua hilo. Nalisema sasa ili asije mtu akanitetea kuwa sikujua.

*

Asubuhi iliyoniharibia maisha ilianza kwa mahudhurio mawili.

Ya kwanza ni ya bwenini. Kiranja husimama mlangoni na daftari, anaita majina, na kila aliyepo husema "nipo". Asiyekuwepo huitikiwa. Hatukuandika popote, lakini kila mtu wa bweni letu anajua nani anamwitikia nani na kwa sauti gani. Mimi humwitikia Omari Chumu, ambaye ana sauti nzito na usingizi mzito kuliko sauti. Yeye hunilipa kwa kuniitikia nikiwa jikoni natafuta ukoko. Hakuna anayeliona jambo hili kuwa uongo. Mwenzako yuko mahali fulani, yu hai, atakuja. Unamwazima sauti tu.

Mahudhurio ya pili ni ya Chumba cha Bahari. Karani huita maboya kwa namba, na kila boya hujibu kwa mlio mfupi, halafu namba zake hujipanga kwenye kioo. Moja likalia. La pili, la tatu, mpaka la sita. Kisha Karani akaita la saba, na chumba kikawa kimya. Akaita tena. Kimya.

Boya la Saba limekaa kwenye Mlango, pale mkondo wa bahari kuu unapoingia kati ya miamba miwili. Nikachungulia kwa darubini ya dirishani. Lilikuwepo, la manjano, limeota majani mpaka shingoni, linainamisha kichwa na kukiinua kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Mwili ulikuwa umehudhuria. Sauti ndiyo haikuwepo.

Sheria ya boya bubu ni fupi: pwani inafungwa mpaka mafundi waje, na mafundi huja siku ya tatu au ya nne, wakipenda. Mwani uliovunwa siku ya kufungwa haupokelewi ghalani. Sheria haikutungwa na mwendawazimu. Miaka kumi na moja iliyopita, katika ghuba ya pili kutoka kwetu, boya moja lilinyamaza, watu wakaingia tu, na maji mekundu, yale yenye sumu ya kuchoma ngozi, yakawakuta. Wanawake tisa waliungua miguu. Wawili kati yao hawakutembea tena bila fimbo. Kila mwanafunzi anayekabidhiwa zamu huonyeshwa picha za miguu ile, kisha hupewa chai.

Lakini siku ile ilikuwa ya kwanza ya bamvua, na bamvua ndilo pekee linaloyatoa maji mbali kiasi cha kuzifikia kamba za nje. Likipita, ni wiki mbili mpaka jingine. Na mwezi uliotangulia pwani ilikuwa imefungwa siku tisa kwa maboya matatu tofauti, na mafundi walipofika hawakuona hatari yoyote zaidi ya magamba yaliyoota kwenye vipimo.

Bi Mize alikuwa kwenye uzio wa shule kama kawaida yake, kanga imefungwa kiunoni, viatu vya mpira mkononi. Ndiye mkubwa wa kikundi cha wanawake ishirini na wawili. Hupita pale ili ajue kabla ya spika, na kwa kunitania hunipa cheo kipya kila siku.

"Sultani wa maboya," akaniita kupitia dirishani, "leo vipi huko kwenye ufalme?"

Nikamwambia Saba hakuitika. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliegemea nguzo ya uzio, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayepumzika katikati ya ngazi. Akasema kotonii ya nje imekomaa, imebakiza siku nne au tano kabla ya kuharibika. Akasema mafundi wakija watakuta magamba. Kisha akasema, bado kafumba macho, kwa utani wa mtu asiye na nguvu za kutania:

"Si mumwitikie tu, yakhe. Nasikia huko bwenini ndio kazi zenu."

Karani anayo sehemu ya kuingiza namba kwa mkono, kwa ajili ya siku ambazo boya limetolewa majini kusuguliwa na mtu amepima kwa kipimajoto kutoka kwenye boti. Nikachukua joto la Sita na joto la Nane, nikazijumlisha, nikagawa kwa mbili, nikapunguza kidogo kwa kuwa Mlango una mkondo. Karani akauliza chanzo. Nikaandika: kipimo cha mkono. Mkono ulikuwa wangu, katika hilo sikudanganya.

Wakati nikibonyeza nilisema kwa sauti ya kukoroma, kama ninavyomfanyia Omari: "Nipo."

Pwani ikawa wazi.

*

Siku nne zile wanawake walivuna kamba zote za nje. Vichanja vilijaa, uwanja wa mpira ukajaa, mpaka ukuta wa skuli ya msingi ulitandazwa mwani. Maji mekundu hayakuja. Bi Mize alileta Chumba cha Bahari bakuli la mkate wa kumimina, akamkabidhi Maalim Nyange, na Maalim akatuachia vipande viwili.

Nilikuwa nimekusudia Saba aishi siku nne, kisha afe kwa heshima. Ningesema leo hakuitika, mafundi wangekuja, yangekwisha. Tatizo ni kwamba zamu yangu ilikwisha Ijumaa, bamvua lilikwisha Jumapili, na baina ya siku hizo mbili alitakiwa kukaa Omari Chumu, mtu ambaye angeona boya bubu na kuripoti boya bubu, kwa uvivu wa kutunga. Nikamwambia nitamfanyia zamu yake.

Katika historia ya Chwale hapajawahi kutokea mwanafunzi aliyeomba kuamka alfajiri. Omari alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Maalim Nyange aliniambia alikuwa amenifikiria vibaya, akanifanya kiranja msaidizi wa Chumba cha Bahari, na zamu za mwezi mzima zikawa zangu. Adhabu ya magugu ikafutwa. Nilijisikia vibaya kwa namna mpya kabisa, ambayo sikuwa na jina lake.

Jumatatu nikasema nitamuua kesho. Jumanne nikasema kesho.

Kumtunga mtu aliyepo kila asubuhi ni kazi ngumu kuliko kuamka. Saba hakuweza kusema namba ile ile, kwa hiyo ilibidi ashuke kidogo maji yakijaa, apande kidogo mchana ukiwa na jua, na siku ya upepo awe na haraka. Kila nilipochoka nilimfanya mtulivu. Na kwa kuwa nilichoka kila siku, Saba akawa boya tulivu kuliko yote, halizidi nyuzi ishirini na saba, halishuki ishirini na sita. Sita na Nane walikuwa wameanza kupanda wakati huo, taratibu, nukta mbili leo, nukta tatu kesho. Ningeendelea na wastani wangu, Saba naye angepanda. Lakini boya linalopanda huulizwa maswali. Nikaacha kujumlisha. Nikawa naandika tu.

Siku ya kumi na mbili ikaja barua.

Maalim Nyange aliisoma mbele ya shule nzima, mstarini. Idara ya serikali inayosimamia maboya ilikuwa imechunguza takwimu za maboya yote ya visiwani. Maji yalikuwa yanapanda joto kila mahali, na mbegu ya kotonii ilikuwa inakufa ghuba baada ya ghuba. Kisiwa cha Mbwiji, ambacho ndicho kilichokuwa kinaihifadhi mbegu ya wengine wote, kilikuwa kimebakiwa na mafungu machache. Palitafutwa maji ya baridi ya kuikimbizia. Na katika takwimu zote, mahali pamoja tu palikuwa pameonyesha utulivu wa kuaminika. Hapo Maalim alinyanyua uso akanitafuta kwa macho mstarini. Boya la Saba, Mlango wa Chwale, lilikuwa limepandishwa kuwa boya la daraja la kwanza. Mbegu ya Mbwiji ingeletwa bamvua linalofuata, ifungwe kwenye kamba za pale pale Mlangoni.

Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi, kwa kuwa nilikuwa mstari wa mbele.

*

Tujadili sasa, kwa unyenyekevu wote wa kisayansi, yale mambo mawili niliyokuwa nayo mkononi.

La kwanza ni mbegu. Nilikuwa sijui maji ya Mlango yana joto gani. Hakuna aliyejua. Kwa hali ilivyokuwa, mtu wa Mbwiji angesafiri na mbegu ya mwisho ya visiwa vyote na kuitia katika namba niliyoitunga nikipiga miayo.

La pili ni sheria ile ile. Msomaji akipatikana na namba moja ya uongo, pwani yake yote hunyang'anywa wasomaji, na Karani hurudishiwa sauti. Siku arubaini na moja. Bi Mize na wenzake ishirini na mmoja, wameegemea uzio wamefumba macho, na sanduku linawaambia asilimia nne. Na mimi, ningefukuzwa shule, bila shaka. Ningependa kusema sikulifikiria hilo. Nililifikiria kwanza.

Nikatafuta njia ya katikati, kama kawaida ya watu waoga. Nikaamua nisimwitikie tena. Atakuwa bubu tangu leo, basi, pwani itafungwa siku tatu nne, bamvua litapita, mbegu itabaki Mbwiji, na hakuna atakayejua ya nyuma. Wanawake wangekosa bamvua moja. Niliona ni bei ya haki, hasa kwa kuwa si mimi niliyekuwa nailipa.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita nilikaa mbele ya Karani nimekunja mikono. Akaita la kwanza, la pili, la tatu. Akaita la sita. Akaita la saba, na mimi nikakaa kimya.

Mlio ukalia.

Kwenye kioo, katika safu ya Saba, zikajipanga namba: joto nyuzi ishirini na sita nukta nne, mkondo nukta tano, rangi safi. Niliruka mpaka kwenye darubini. Boya lilikuwa pale pale, limeinamisha kichwa na majani yake. Nikarudi, nikasoma maandishi madogo chini ya kioo. Boya la daraja la kwanza likikosa kujibu, mashine hulijazia nafasi kwa kufuata mwenendo wake wa siku kumi na tano zilizopita.

Mwenendo wake wa siku kumi na tano ulikuwa mimi. Karani alikuwa amesoma bwenini kwetu na amefaulu.

Nikafuta. Akajaza. Nikafuta tena, akajaza tena, nukta nne ile ile, kwa upole. Sikuwa na namna ya kumnyamazisha bila kumwambia kwa nini, na sehemu ya kumwambia kwa nini ilihitaji saini ya Maalim Nyange.

Bi Mize alikuwa amefika kwenye uzio. Siku hiyo hakunipa cheo. Alisimama anasugua mguu mmoja kwa mwingine, akaniambia jana alikwenda mpaka Mlangoni kuzitazama kamba kabla ya wageni, na maji ameyaona kama yale ya kumkandia mzazi. Kamba zake mwenyewe za nje, alizozipanda upya baada ya mavuno, zimeanza weupe kwenye ncha. Kisha akacheka kidogo, kwa aibu, akasema labda ni miguu. Ana miaka hamsini na nane, miguu imekaa chumvini arubaini kati ya hiyo, pengine imeshachoka haijui tena moto na baridi. Wenzake nao wameyaona hivyo hivyo, lakini wamekubaliana kuwa ni miguu.

"Boya linasema ishirini na sita," akasema. "Boya si ndilo lenye kipimo."

Alikuwa ananiuliza. Aliacha nafasi baada ya maneno yale, nafasi ya kutosha kabisa. Nami nikamwambia, kwa sauti ya Msomaji mwenye cheti, kwamba kipimo hakichoki, Bi Mize.

Akashukuru, akaenda zake.

*

Wa Mbwiji walifika kesho yake, maji yakiwa yametoka. Alikuja mwanamke mmoja anaitwa Bizume, mwembamba, mwenye umri wa dada yangu mkubwa, na vikapu sita vilivyofunikwa magunia mabichi. Alikuwa amesafiri navyo usiku na mchana, akiyamwagia maji magunia kila saa kwa kopo. Macho yake yalikuwa mekundu. Maalim Nyange alimsalimia, akamweleza mimi ni nani, na Bizume akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema huko kwao namba za Saba wameziandika ukutani kwenye ofisi ya ushirika.

Tukaenda Mlangoni kwa miguu, wanawake mbele, vikapu vichwani. Maalim akabaki kwenye mchanga mkavu kwa sababu ya magoti. Pale ukingoni mwa mkondo kamba mpya zilikuwa zimeshatandwa, vigingi vimeshapigwa. Bizume alikuwa wa kwanza kuingia. Aliruka kama aliyekanyaga jiko.

"Lo," akasema, akicheka. "Mmenichemshia maji ya kuogea?"

Wanawake wakacheka naye, wakamwambia ni jua la ukingoni, huko mbele ni baridi, Saba amesema. Akaenda mbele. Akaacha kucheka, lakini hakusema neno, kwa kuwa alikuwa mgeni na barua ilikuwa mfukoni mwake. Akaomba kikapu cha kwanza. Wakaanza kuifunga mbegu kwenye kamba, fungu kwa fungu, vidole vikienda haraka. Ilikuwa mbegu nzuri, ya rangi ya zambarau iliyoiva, inakatika kwa mlio.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye jiwe, viatu miguuni. Bi Mize akarudi kunichukua.

"Njoo uingie," akasema.

Nikamwambia nina mtihani mchana. Akanivuta mkono, bila nguvu. Nikavua viatu, nikaingia. Maji yakanifika magotini, kisha mapajani. Yalikuwa moto hasa, moto mzito usiopoa ukizoea, kama kuingia katika sufuria iliyotolewa jikoni na kusahauliwa. Nilijua yatakuwa hivyo. Nilisimama vile vile.

"Leo umesoma ngapi?" akauliza.

"Ishirini na sita nukta nne."

Hakuyatazama maji wala kamba. Alikuwa ananitazama usoni tangu nilipovua viatu.

"Huyu mgeni ameingia akaruka," akasema taratibu. "Mie juzi niliruka, na umri huu. Wewe umeambiwa ishirini na sita, umekanyaga moto, na hukushtuka."

Nilitafuta kitu cha kuchekesha. Nina vitu vingi vya kuchekesha, ni akiba yangu, na siku zote kimojawapo hutangulia mdomoni kabla sijakiita. Nilikitafuta, hakikuwepo. Nyuma yake Bizume alikuwa anafungua kikapu cha pili.

"Mwambie aache," nikasema.

"Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Nilisema Saba hajasema neno tangu siku ya kwanza ya bamvua lililopita. Bizume akalitazama boya, likiinama na kuinuka pale mbele yetu, kisha akanitazama mimi. Nikasema lile ni umbo tu. Namba zote alizozisikia nilizitunga mimi, mwanzo kwa kugawa Sita na Nane, baadaye kwa uvivu, na za siku mbili hizi amezitunga Karani kwa kuniiga. Barua imetokana na namba hizo. Ukutani kwao wameandika namba hizo. Nikasema pia kwamba jana Bi Mize aliniuliza kuhusu miguu yake na nilimwacha aondoke akiamini imezeeka.

Nilitarajia kelele. Bi Mize alifunga upya kanga yake kiunoni, akawaambia wenzake kwa sauti ya kawaida waikate mbegu iliyokwisha kufungwa, waitie kikapuni, waimwagie maji ya kivulini mwa mwamba ambayo yana afadhali. Wakaanza kukata. Mmoja alikuwa analia huku anakata. Waliopita karibu yangu walinipita kama wanavyokipita kigingi. Pale mchangani Maalim Nyange alikuwa ameshaelewa kwamba kuna jambo, na alikuwa anakuja, na magoti yake, na viatu vyake.

Bizume hakukata. Alisimama ndani ya maji yale na fungu moja la mbegu mkononi, analigeuzageuza kutafuta weupe.

"Maji ya baridi yako wapi, basi?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Hayo maboya mengine? Sita? Nane?"

Nikamwambia Sita na Nane wanapanda, lakini la Kumi na Moja, upande wa kaskazini, halijazidi ishirini na nane mwezi mzima, na lenyewe linasema kweli.

"Kasema nani?"

Nikamwambia na hilo lililobaki, kwamba nimesema mimi, yule yule aliyemsemea Saba.